Mtetezi wa Nadia

Kabla ya kuvaa joho jeusi la watetezi, Emérence Kavugho alikuwa mpiga mashine. Miaka kumi na sita mizima aliketi nje ya ukuta wa mahakama, katikati ya mji wa Kisangani, chini ya mwavuli uliopauka kwa jua, na mbele yake mashine ya chuma ambayo herufi yake ya E ilikuwa imechoka, ikawa inaruka juu ya mstari. Watu walimwendea na mambo yamewajaa kifuani. Huyu kanyang'anywa kiwanja, yule mume kamkimbia, mwingine jirani kamtukana mbele ya wakwe. Walisimulia kwa Kiswahili, kwa Lingala, wakati mwingine kwa machozi matupu. Emérence aliyageuza yote kuwa Kifaransa cha serikali, akapiga, akachomoa karatasi, halafu akawafasiria neno kwa neno kabla hawajatia saini. Wenzake walimcheka kwa kupoteza muda, lakini wateja walimpanga foleni.

Hakuzaliwa Kisangani. Baba yake, muuza sabuni na chumvi kwa jumla, alimleta kutoka Butembo akiwa na miaka saba, siku tisa juu ya lori, mvua ikiwapiga. Alisoma kwa masista, akaolewa na Muhindo, muuza misumari na mabati, wakazaa watoto wanne. Hakuna aliyemtazamia awe mtu wa sheria. Ila sheria ilimwingia kwa vidole. Mtu akipiga kifungu kilekile mara elfu, hufika siku akajiuliza kinasema nini hasa.

Alipotimiza miaka arobaini alimwambia mumewe kwamba anataka kwenda chuo kikuu. Muhindo aliweka tonge la fufu chini.

"Kufanya nini kule?"

"Kusoma ile mambo ninapigaka kila siku."

Muhindo alifikiri, akaokota tonge lake. "Bon. Lakini usinishitaki mimi wa kwanza."

Binti yao Annette alikuwa mwaka mmoja mbele katika kitivo hichohicho cha sheria, na alimwomba mama yake, kwa heshima zote, asimsalimie mbele ya wenzake. Emérence alitii. Mchana walipishana kwenye ukumbi kama wageni, jioni wakagombania kitabu kimoja. Alipoapishwa kuwa mtetezi, Annette ndiye aliyepiga vigelegele kupita wote. Joho lilikuwa refu mno, fundi alikuwa amelipimia mwili wa mtu mwingine, na Emérence alilipandisha kwa mkono kila alipopanda ngazi. Mitaani walianza kumwita Mama Maître, kwa cheo cha watetezi kwa Kifaransa, na jina likashika.

Mambo ninayotaka kuyasimulia yalimpata akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu aliitwa kwenye mahakama ya watoto. Hakimu, mwanamke mwenye sauti ya chini aliyeitwa Patricia, alimsukumia jalada jembamba. Ndani mlikuwa na ombi la baba mmoja, Lukumani, mpakuzi wa mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka. Alitaka mahakama iamuru binti yake Nadia, mwenye miaka kumi na miwili, achanjwe surua. Ugonjwa ulikuwa umeingia katika mitaa kadhaa ya mji, na wauguzi walikuwa wakipita kuchanja watoto. Mama wa mtoto, Zaina, muuza samaki wa kukaushwa huko Kabondo, alikuwa amekataa katakata. Wazazi hao walikuwa wametengana miaka miwili sasa, na mtoto alikaa kwa mama.

"Niliwaita wote wawili wiki iliyopita," hakimu alisema. "Walipigana kwa maneno saa nzima. Mtoto alikuwa pale katikati, anaangalia miguu yake. Baba ana kinywa, mama ana kinywa. Sheria inasema mtoto naye asikilizwe, na awe na mtu wa kumsemea. Nimekuchagua wewe, Maître. Niletee kinywa cha mtoto."

Emérence alitoka na jalada kwapani na uzito moyoni. Alizoea kumtetea mtu dhidi ya mtu. Mtoto huyu hakumshtaki yeyote, wala hakushtakiwa. Tena yeye mwenyewe alikuwa na mawazo yake, maana watoto wake wanne aliwachanja wote bila kufikiri mara mbili. Akiwa njiani alijionya: hakuna aliyekuuliza wewe unawaza nini, Emérence. Funga mdomo, fungua masikio.

Alikwenda Kabondo kwa toleka, baiskeli ya abiria, kiti chake kimevikwa mto mwekundu. Zaina alikuwa uani anapanga samaki kwenye beseni. Alimtazama mgeni, akatazama jalada.

"Mama, kama Lukumani njo amekutuma, kiti hakuna."

"Lukumani hakunituma. Mimi niko mutetezi wa Nadia."

Zaina alicheka kicheko kikavu. "Mutoto wa miaka kumi na mbili? Alipiga nani? Aliiba nini?"

"Hakuiba kitu, mama. Juge anataka tu kujua mutoto naye anawaza nini."

"Mutoto anawaza ile mama yake anawaza." Zaina aliinama tena juu ya samaki, halafu akainuka ghafla, kama aliyekumbuka kwamba mgeni ni mgeni. Akaingia ndani, akatoka na kiti.

Emérence hakuwa na haraka ya kuuliza. Alisifu samaki, akauliza wametoka mto gani, akaambiwa. Wakati huo kijana mmoja alitoka ndani ya nyumba, mrefu, uso mzuri, mkono mmoja umeshika redio iliyofunguliwa matumbo. Alitembea kwa kuurusha mguu wa kushoto mbele, kisha kuukanyagia, kisha kuurusha tena. Alisalimia, akaketi kizingitini na bisibisi yake. Huyo ndiye Sefu, kifungua mimba wa Zaina, miaka kumi na minane.

"Umeona?" Zaina alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa anakimbia, mama, hata kuku hakumupita. Nikamupeleka kwa sindano. Akatoka vile. Na mimi njo nilimushika miguu, ili asisukume. Mimi mwenyewe." Alifuta mikono kwenye kitenge, ingawa haikuwa na kitu. "Hawa batu banasema mimi niko mujinga. Sawa. Lakini hii mutoto wa pili hakuna mutu atamugusa."

"Ilikuwa sindano ya nini?"

"Sindano iko sindano."

Emérence aliandika neno "sindano" katika daftari lake, akalitia alama ya kuuliza. Kisha akaomba ruhusa ya kuzungumza na Nadia peke yao. Zaina alikataa, akatazama mlango, mwishowe akasema wanaweza kukaa nyuma ya nyumba, lakini si kwa muda mrefu.

Nadia alikuwa mtoto mwembamba, macho makubwa. Siku ile hakusema lolote. Alisuka nyuzi za plastiki, za kijani na nyeupe, akitengeneza bangili. Emérence alimweleza kwamba kazi yake si kumfundisha la kusema, na lolote atakalomwambia, wataamua pamoja lipi lifike kwa hakimu. Mtoto alisuka. Emérence alimwuliza kama anaijua surua. Mtoto aliitikia kwa kichwa. Kama anaogopa sindano. Mtoto aliinua bega moja. Basi Emérence akamwomba amwonyeshe jinsi ya kuanza bangili, na robo saa iliyobaki wakasuka wote wawili, Mama Maître akikosea kila mzunguko.

Alirudi baada ya siku tatu. Safari hii Zaina alitoa kiti bila kuombwa. Nyuma ya nyumba Nadia alimtazama vidole vyake vikihangaika na uzi, akamsahihisha mara moja, mara mbili, halafu bila kuinua macho akauliza:

"Nikisema ndiyo, nitalala wapi?"

"Ndiyo ya nini?"

"Ya chanjo. Nikisema ninataka, nitalala wapi? Bangboka?"

Emérence aliweka uzi chini. "Nani alikuambia Bangboka?"

"Iko kwa karatasi. Mama alipatia mwalimu mumoja asome. Papa anataka bamupatie mimi, nikae kwake. Alors nikisema ninataka chanjo, ni kusema papa iko na haki, na mama iko mubaya." Alivuta pumzi. "Mama hana mubaya. Mama anaamukaka mbele ya batu yote."

"Na wewe, kama karatasi ile isingekuwako, ungetaka nini?"

Nadia alikaza fundo la bangili. "Saidi wa parselle ya tatu, kiwanja cha kule, iko na surua. Macho yake haifunguke. Mimi sitaki ile." Kisha haraka: "Lakini sitaki mama alie."

Emérence aliondoka kwa haraka. Jalada alilisoma siku ya kwanza, lakini kwa macho ya mtu aliyekwisha kuambiwa jambo ni lipi. Jambo ni chanjo, basi alitafuta chanjo. Alipofika nyumbani alilifungua upya mezani, akapita aya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aya ya nne ilimfanya avue miwani, aifute, aivae tena.

Iliomba kwamba mtoto akabidhiwe kwa mleta ombi, kwa malezi na makao, kwa sababu upande wa pili umeonyesha kutojali. Kifaransa kilikuwa cha kupendeza, kizito, kama pazia la ukumbi. Na katikati yake palikuwa na neno moja lenye herufi mbili pale ilipotakiwa moja.

Kosa lile lilikuwa lake.

Aliijua aya ile kama mtu anavyolijua kovu la goti lake. Aliitunga yeye, miaka ishirini na zaidi iliyopita, kwa ajili ya mama mmoja ambaye mumewe alikuwa akiwafungia watoto nje mvua ikinyesha. Mama yule alishinda. Wapiga mashine wenzake waliipenda, wakaiomba, akawapa. Wakaitia katika kila ombi la wazazi waliogombana, liwe la chakula, la ada ya shule, la jina la mtoto. Mashine za chuma zilipoondoka na kompyuta zikaja, aya iliingia ndani ya kompyuta, ikatoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine na kosa lake la tahajia mgongoni. Sasa ilikuwa imelala juu ya kifua cha mtoto wa Kabondo.

"Muhindo," alimwita mumewe. "Njoo uone mambo yangu."

Kesho yake alipanda pikipiki hadi Bangboka. Alimpata Lukumani nyuma ya ghala la mizigo, mwanamume mfupi mwenye mabega mapana, amevaa fulana ya kazi ya rangi ya machungwa. Lukumani alimkaribisha juu ya kreti, kwa wasiwasi.

"Papa Sefu, nataka kukuuliza neno moja. Wewe unataka Nadia aje kukaa kwako?"

Lukumani alimkodolea macho. "Kukaa hapa? Mama, mimi ninaingiaka kazi saa kumi ya alfajiri. Ninalala kwa chumba kimoja na batu mbili. Nani atamupikia? Nani atamusuka nywele?" Aliinua mikono. "Nani alisema ile neno?"

"Wewe. Karatasi iko na saini yako."

Akamfasiria aya ya nne, polepole. Lukumani alisikiliza mdomo wazi. Emérence alipomaliza, Lukumani alishika kichwa.

"Mimi nilisema chanjo. Chanjo tu! Ule kijana wa kompyuta alipiga, akanisomea mbio mbio kwa Kifaransa, akasema weka saini hapa. Nikaweka." Alisimama, akaketi tena. "Donc Zaina anawaza ninataka kumunyang'anya mutoto?"

"Anawaza vile. Na Nadia naye anawaza vile."

Ndege ndogo ilikuwa ikiwasha mashine kwenye njia, na walingoja mpaka kelele zipungue. Kisha alieleza. Mwezi uliopita, ng'ambo ya mto, Lubunga, mtoto wa dada yake alikuwa amekufa kwa surua. Siku nane tu. Yeye Lukumani ndiye aliyembeba kwenda kuzikwa. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa Zaina kumwomba, Zaina akafunga mlango, na yeye hakujua mlango mwingine isipokuwa wa mahakama.

"Sikuwa na kasirani na yeye, mama. Niliogopa. Niliogopa tu."

Emérence alirudi mjini upepo wa pikipiki ukimpiga usoni, na kwa mara ya kwanza tangu apewe jalada lile alijikuta anatabasamu peke yake. Alikuwa na aibu pia, aibu ya kweli, lakini nafuu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Fundo alilodhani ni la moyo lilikuwa, kwa nusu yake, fundo la karatasi.

Alipita Kabondo jioni ileile. Zaina alimsikiliza amekunja mikono.

"Yeye njo alisema vile?"

"Yeye mwenyewe."

"Aseme mbele ya juge. Nisikie na masikio yangu."

Naye Lukumani alisema. Siku ya kikao walikaa katika ofisi ndogo ya hakimu Patricia, feni inazunguka kwa uvivu juu yao: Lukumani upande huu, Zaina upande ule, Nadia karibu na Emérence, na Sefu kwenye benchi la ukutani, kwa sababu Emérence alimwomba aje. Alikuwapo pia muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa, mtu mzima mwenye mvi, papa Mumbere, aliyeitwa na hakimu kueleza mambo ya dawa.

Lukumani alisimama kabla hajaulizwa. "Madame juge, ile paragraphe ya ine si yangu. Nilitia saini, iko kosa yangu, lakini si yangu. Mutoto akae kwa mama yake. Mama yake alimulea vizuri kunipita mimi."

"Unaiondoa?"

"Ninaiondoa. Hata leo. Hata sasa hivi."

Hakimu alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya aya, akamgeuzia karatasi aandike jina lake pembeni. Hapo Zaina alishusha pumzi, pumzi ndefu kama ya mtu anayetua ndoo ya maji kichwani, na mabega yake, ambayo Emérence hajawahi kuyaona chini, yakashuka. Nadia alimtazama mama yake, akasogea kidogo kwenye kiti, mgongo ukaegemea.

Ilibaki chanjo yenyewe. Mumbere hakuanza kwa kuhubiri. Alimwomba Sefu atembee hatua chache, akaomba radhi kwa kumwomba, kisha akamgeukia Zaina.

"Mama, siku ile mutoto alikuwa anaumwa nini?"

"Malaria. Moto mingi, alikuwa anatetemeka."

"Na balimuchoma wapi?"

"Kwa tako. Hapa. Mutu mumoja wa dawa karibu na soko."

"Alisema dawa inaitwa namna gani?"

Zaina alikunja uso. Alikuwa hajaulizwa swali hilo miaka kumi na mitano. "Kinini," akasema.

Muuguzi aliitikia taratibu. Alieleza kwamba kinini, dawa ya malaria, kikichomwa takoni na mtu asiyejua mahali, huweza kuunguza mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, na mguu haurudi tena kama zamani. Yeye mwenyewe alikuwa amewaona watoto wa namna hiyo, tena wengi. Chanjo ya surua haichomwi pale. Ni sindano fupi, chini ya ngozi ya mkono.

"Sitakudanganya, mama. Baada ya wiki moja anaweza kuwa na moto kidogo, ao vipele. Siku mbili, tatu, inaisha. Ukiona inazidi, unanipigia mimi simu, na nitakuja na miguu yangu."

"Donc ile haikuwa chanjo?" Zaina aliuliza.

"Haikuwa chanjo."

"Miaka kumi na tano ninasema chanjo."

Zaina alikuwa anatazama mikono yake miwili, ile iliyoshika miguu ya mtoto siku ile. Sefu aliinuka kwenye benchi, akarusha mguu, akakanyaga, akarusha, akafika nyuma ya kiti cha mama yake, akaweka kiganja begani kwake.

"Mama, nilikuwa na malaria. Ungeniacha ningekufa. Hukunifanyia mubaya hata siku moja."

Zaina alilia basi, lakini ule ulikuwa mlio wa kitu kinachofunguka. Lukumani alitazama dirishani. Hakimu aliacha dakika zipite, akijifanya anasoma.

Kisha akamwita mtetezi wa mtoto. Emérence alisimama, joho akalipandisha kwa mkono.

"Madame le juge, Nadia aliniambia mambo mengi, na mengine tulikubaliana yabaki kwetu. La kwanza aliloniruhusu kusema: alinyamaza kwa sababu alidhani jibu lake litamchagulia nyumba. Sasa hilo halipo. La pili atalisema mwenyewe, akipenda."

Alimtazama Nadia. Mtoto alisimama, akashika ukingo wa meza.

"Ninataka chanjo. Sitaki kuwa kama Saidi. Lakini mama njo anipeleke. Si papa, si polisi, si mutu mwingine. Mama."

"Na baba?" hakimu aliuliza.

Nadia alifikiri. "Papa anaweza kuya. Akae inje."

Lukumani alicheka kwa nguvu, kisha akafunika mdomo, na Zaina naye, machozi bado shavuni, akacheka. Hukumu haikuwa ndefu. Mtoto achanjwe, mama yake ampeleke siku aitakayo ndani ya juma lile, makao yake yabaki kama yalivyo. Hakimu alimwuliza Zaina kama anakubali, na Zaina akasema anakubali, lakini si siku ya soko.

Alasiri hiyo Emérence hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa wapiga kompyuta walioketi mahali alipoketi yeye zamani. Vijana watatu, miavuli mipya. Aliwaomba wafungue ombi la wazazi, akawaonyesha aya ya nne, akawaambia waifute.

"Lakini Mama Maître," mmoja alisema, "ile inafanyaka karatasi ionekane nzito."

"Karibu imuzamishe mutoto. Futa."

Alisimama nyuma yao mmoja baada ya mwingine mpaka alipoiona imetoweka kwenye kioo. Kisha akawafundisha, kwa nusu saa, namna ya kumsomea mteja.

Siku ya Ijumaa Zaina alimvika Nadia gauni la buluu, akampeleka kituo cha afya. Emérence alikwenda kwa sababu Nadia alimwomba. Foleni ilikuwa fupi. Lukumani alifika kutoka kazini na fulana yake ya machungwa, akakaa nje kama alivyoamriwa, kwenye jiwe, akizungusha kofia mikononi. Ndani, Zaina alimpakata binti yake mkubwa yule kama mtoto mchanga, miguu mirefu ikining'inia. Mumbere hakumwomba amshike kwa nguvu. Alimwambia amshike tu.

"Tayari," alisema.

"Tayari nini?" Zaina aliuliza.

"Nimemaliza, mama."

Zaina alitazama mkono wa mtoto, akatazama miguu. "Simama," akamwambia. Nadia alisimama. "Tembea." Akatembea mpaka mlangoni. "Kimbia." Nadia akakimbia uani, akamzunguka baba yake mara moja, akarudi na vumbi miguuni, akadai mikate ya kukaangwa iliyokuwa inauzwa ng'ambo ya barabara. Lukumani alikwenda kununua, akarudi na fungu lililo moto bado katika gazeti, na wote wakala wamesimama, wakijipepea midomo.

Siku ya nane simu ya Emérence ililia asubuhi. Sauti ya Zaina ilikuwa juu. "Iko na moto kidogo. Nilimuita papa Mumbere, amekuya, amemuangalia. Anasema njo ile alisema."

"Na wewe uko namna gani?"

"Niko namna hii," Zaina akasema, na hakufafanua. Kesho yake alipiga tena. Mtoto alikuwa ameamka, ameomba pondu, amekula, amegombana na kaka yake juu ya redio. Saidi wa parselle ya tatu naye alikuwa amefungua macho, anakunywa uji. Surua iliendelea kuzunguka mtaani majuma kadhaa, ikaingia nyumba tatu jirani. Kwa Zaina haikuingia.

Asubuhi ile ya simu ya pili Emérence aliweka simu mezani. Ilikuwa Jumamosi, jua kali, na maandazi ya asubuhi bado yalikuwa kwenye sahani. Muhindo aliporudi kutoka dukani saa nane mchana alimkuta mkewe amelala kochini na viatu vyake, mdomo wazi kidogo, usingizi wa mtu aliyeshusha mzigo. Katika miaka yao yote ya ndoa hajawahi kumwona analala mchana. Alimvua viatu taratibu, akafunga dirisha la upande wa barabara, akaenda kupasha chakula mwenyewe.